Tuanze na Maji ya Tope

Katika miaka yetu ya kusimamia mazoezi ya kufundisha, tumeliona somo moja la sayansi likirudiwa mara nyingi kuliko mengine yote. Mwanachuo huingia darasani na bakuli la maji, sindano ya kushonea na kipande cha sabuni. Huilaza sindano polepole juu ya maji, nayo ikaelea. Watoto huinuka katika madawati ili waone vizuri. Kisha mwanachuo huuliza, "Kwa nini sindano haizami?" na kabla watoto hawajapata nafasi ya kufikiri, huandika jibu ubaoni yeye mwenyewe: kwa sababu maji yana ngozi. Darasa zima huitikia kwa sauti moja kwamba maji yana ngozi, na somo huhesabiwa kuwa limefaulu.

Safari moja, katika darasa la tano la shule ambayo hatutaitaja, mambo hayakuishia hapo. Mwanachuo alipotia tone la maji ya sabuni na sindano ikazama, msichana mmoja aliyeketi nyuma alisimama akauliza, "Mwalimu, ngozi ya maji imekwenda wapi?" Mwanachuo alilitazama andalio lake la somo, akatutazama sisi, kisha akasema, "Hayo utayasoma sekondari. Kaa chini." Msichana akaketi. Hakuuliza tena siku ile.

Swali lile ndilo lililokuwa jambo la kisayansi kuliko yote yaliyosemwa katika kipindi kile. Ngozi huweza kuchanika, lakini ikichanika haipotei; tunaziona pande zake mbili. Ikiwa maji yalikuwa na ngozi, na sabuni imeichana, basi ngozi hiyo ilipaswa kuonekana mahali fulani. Mtoto alikuwa amelichukua neno la mwalimu kwa uzito kuliko alivyolichukua mwalimu mwenyewe, naye akaambiwa akae chini.

Katika makala hii tunakusudia kutoa rai moja na kuitetea. Rai yetu ni kwamba nguvu zinazoshika na kutenganisha vitu vidogo sana zinafaa kabisa kufundishwa katika shule ya msingi, lakini zisianzie katika sindano wala katika neno "ngozi". Zianzie katika ndoo ya maji ya tope, kitu ambacho watoto wetu wengi wanakijua kuliko wanavyolijua bakuli la maabara. Tena somo hilo lisihesabiwe kuwa limekwisha mpaka kila mtoto awe anajua maji hayo yamebakiwa na haja gani kabla hayajanyweka.

Mwalimu ajue nini kwanza

Hatuwezi kumwongoza mtoto katika njia tusiyoipita wenyewe. Kwa hiyo yafaa tuanze na maarifa ambayo mwalimu anapaswa kuwa nayo kichwani, hata kama hatayasema yote darasani.

Molekuli za maji huvutana. Molekuli iliyo katikati ya bakuli huvutwa na jirani zake kutoka kila upande, kwa hiyo mivuto hiyo husawazishana. Molekuli iliyo juu kabisa haina majirani wa maji upande wa juu, bali ina wale wa pembeni na wa chini tu. Matokeo yake ni kwamba uso wa maji daima hujitahidi kuwa mdogo kadiri iwezekanavyo. Ndiyo maana tone la maji huwa duara, na ndiyo maana uso wa maji huupinga mkono wowote unaotaka kuutanua. Hilo ndilo linaloitwa mvutano wa uso. Hakuna utando wa kitu kingine uliofunika maji. Juu ni maji, na chini ni maji yale yale.

Nguvu hiyo inapimika. Tukidhani kuna mstari wa urefu wa mita moja uliochorwa juu ya maji safi, uso wa upande mmoja wa mstari unauvuta uso wa upande wa pili kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa gramu saba hivi. Hesabu hiyo inatuonyesha jambo lenye manufaa. Sindano ya sentimita nne hushikwa na uso wa maji pande zake zote mbili, yaani jumla ya sentimita nane. Kwa hiyo uso unaweza kubeba kama nusu gramu, na sindano nyembamba ya kushonea haifikii uzito huo. Msumari wa inchi tatu ungeweza kubebwa kwa gramu moja hivi tu, ilhali wenyewe una gramu kadhaa. Ndiyo sababu msumari huzama, wala si kwa sababu ngozi ilikuwa imechoka.

Sabuni nayo haipasui chochote. Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachoyapenda maji na mkia unaoyakimbia. Molekuli hizo hukusanyika juu ya maji, vichwa chini na mikia juu, na kwa kuwa zenyewe hazivutani kwa nguvu kama zinavyovutana molekuli za maji, mvuto wa uso hushuka. Sabuni ikitosha, hushuka chini ya nusu. Mtoto akinyunyizia unga wa pilipili manga juu ya maji kisha akagusa katikati kwa kidole chenye sabuni, pilipili hukimbilia kandoni. Walimu wengi husema pilipili "inaogopa" sabuni. La hasha. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba: upande mmoja umelegeza mikono, na upande wa pili, ambao bado ni maji safi, umevuta kila kitu kwake.

Sasa tuyageukie maji ya tope. Mwaka 1861 mkemia wa Kiskoti Thomas Graham alilitumia jina la koloidi, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, kwa vitu ambavyo havikupenya katika utando kwa urahisi kama inavyopenya chumvi au sukari. Leo tunaita koloidi mchanganyiko wowote ambamo chembe zake zina upana wa kati ya nanomita 1 na nanomita 1,000 hivi. Maziwa ni koloidi, tui la nazi ni koloidi, moshi na ukungu pia. Na maji ya lambo baada ya mvua za masika ni koloidi ya udongo wa mfinyanzi.

Mtu huuliza: udongo ni mzito kuliko maji, mbona hauzami? Mchanga huzama mara moja. Lakini chembe ya mfinyanzi yenye upana wa nanomita 1,000, hata katika maji yaliyotulia kabisa, huhitaji kama siku nne kushuka sentimita 30. Chembe yenye moja ya kumi ya upana huo huhitaji muda mara mia moja zaidi, yaani zaidi ya mwaka. Na kabla haijafika, molekuli za maji zinazoigonga bila kukoma, pamoja na joto la mchana, zimekwisha kuirudisha juu mara nyingi. Kungoja tu hakusaidii.

Kama chembe hizo zingeshikana na kuwa mafungu makubwa, zingezama upesi. Kwa nini hazishikani? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kati ya chembe mbili kuna mashindano ya nguvu mbili. Ya kwanza ni mvuto, ambao huitwa kwa jina la Mholanzi van der Waals. Mvuto huo una nguvu chembe zinapokaribiana sana, na hufifia zinapoachana. Ya pili ni msukumano. Nyuso za chembe za mfinyanzi zina chaji hasi za umeme, na chaji zilizo sawa husukumana. Chembe zikisukumana zikiwa bado mbali kidogo, hazipati kamwe kukaribiana kiasi cha kunaswa na mvuto. Hesabu za mashindano haya zilikamilishwa na watu wawili wa Urusi ya Kisovieti, Derjaguin na Landau, mwaka 1941, na na watu wawili wa Uholanzi, Verwey na Overbeek, mwaka 1948, kila upande kwa njia yake.

Kutokana na maelezo hayo, kazi ya kusafisha tope inaeleweka: upunguze msukumano, na mvuto utafanya kazi iliyosalia. Chumvi huleta ndani ya maji ioni zenye chaji ambazo huzizingira chembe na kuufifisha msukumano wao. Shabu, yale mawe meupe yauzwayo madukani, huleta aluminiamu yenye chaji kubwa zaidi, kwa hiyo kidogo chake hufanya kazi kubwa. Mbegu za mlonge zina protini zenye chaji chanya ambazo hujibandika kwenye chembe zenye chaji hasi na kuziunganisha. Wanawake wa vijiji vya kandokando ya Nile nchini Sudan walikuwa wakitumia mbegu za mlonge kusafishia maji ya mto huo muda mrefu kabla wanasayansi hawajaeleza sababu yake.

Kwa nini tope na si sindano

Hatusemi sindano isitumiwe kabisa. Tunasema isiwe mlango wa somo. Sababu zetu ni tatu.

Kwanza, sindano inayoelea ni kioja. Mtoto hustaajabu, kisha huenda nyumbani ambako hakuna mtu mwenye haja ya kuelea kwa sindano. Ndoo ya maji ya tope humngoja pale pale nyumbani. Mtoto anayeijua mantiki ya ndoo hiyo ana kitu cha kumweleza mama yake, na bibi yake anaweza kuwa na kitu cha kumjibu, maana wako wazee wengi wanaoijua kazi ya mlonge au ya shabu. Darasa hupata mwalimu wa pili bila ya gharama.

Pili, somo la sindano lina jibu moja fupi, na jibu fupi huwa rahisi kukaririwa. Somo la tope lina mashindano ya nguvu mbili ndani yake. Mtoto hawezi kulimaliza kwa neno moja. Analazimika kusema ni nini kinachovuta, ni nini kinachosukuma, na ni kipi kimeshinda safari hii.

Tatu, somo la tope hufungua milango mingine. Mtoto aliyelielewa atajua kwa nini maziwa yakikamuliwa ndimu huganda: chembe za protini ya maziwa nazo husukumana kwa chaji zao, na asidi huziondolea chaji hizo. Mto kama Rufiji unapoingia katika Bahari ya Hindi, chumvi ya bahari huufifisha msukumano wa chembe za mfinyanzi zilizosafiri katika maji ya mto, nazo hushikana na kuzama. Hiyo ni miongoni mwa sababu zinazoijenga ardhi ya matope inayoshikilia mikoko. Kanuni ile ile iliyo ndani ya glasi imo katika ramani ya nchi.

Glasi nne

Namna ya kulifundisha somo hili ni nyepesi, lakini ina sharti moja ambalo tunalishikilia sana.

Siku moja kabla, mwalimu akoroge udongo wa mfinyanzi katika ndoo ya maji ya mvua na kuuacha usiku kucha. Asubuhi achukue yale maji yaliyobaki na ukungu juu, bila kuyatibua yaliyotuama chini. Ayagawe katika glasi nne zinazofanana, au chupa za plastiki zilizokatwa. Glasi ya kwanza isitiwe kitu. Ya pili itiwe kijiko cha sukari. Ya tatu itiwe kijiko cha chumvi. Ya nne itiwe maji ya mbegu za mlonge: mbegu moja au mbili kwa lita moja ya maji ya tope, zimenywe, zitwangwe, zikorogwe na maji kidogo na kuchujwa kwa kitambaa. Pasipopatikana mlonge, shabu kidogo iliyosagwa itatosha. Zote nne, pamoja na ile ya kwanza, zikorogwe sawasawa, kwanza kwa haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano au kumi. Halafu ziachwe.

Watoto waandike wanachokiona kabla ya mapumziko, na tena kabla ya kwenda nyumbani. Kwa kawaida wataona vipande vidogo mfano wa pamba vikijikusanya na kushuka katika glasi ya tatu na ya nne, na maji ya juu yakianza kung'aa. Glasi ya kwanza na ya pili zitabaki na ukungu. Udongo haufanani kila mahali, kwa hiyo mwalimu ajaribu kwanza peke yake. Asiende mbele ya watoto na jaribio asilolifanya.

Sharti letu ni hili: glasi ya sukari isiachwe kamwe. Tumeona wanachuo wakiiruka kwa kuwa "haionyeshi kitu". Hiyo ndiyo glasi yenye somo. Muulize mtoto kwa nini maji ya chumvi yametakata, naye aghalabu atakuambia kwamba chumvi imeyafanya maji kuwa mazito, au kwamba chumvi imeusukuma uchafu chini. Hayo ni mawazo ya mtu mwenye akili, wala tusiyacheke. Lakini sukari nayo imeyeyuka, nayo imeyafanya maji kuwa mazito, mbona tope limebaki? Hapo mtoto huanza kukuna kichwa. Hakuna haja ya mwalimu kusema "umekosa", glasi imesema. Molekuli za sukari hazina chaji, basi hazina la kufanya katika ugomvi wa chaji. Tofauti kati ya chumvi na sukari, ambayo mtoto aliijua kwa ulimi tu, sasa ameiona kwa macho.

Kwa darasa la tano maneno haya yanatosha: "Chembe za tope zinasukumana, kwa hiyo hazikutani. Chumvi imeupunguza msukumano. Zilipokutana zilishikana, zikawa mafungu makubwa, zikazama." Neno koloidi laweza kungoja. Jina likija baada ya kitu kufahamika, mtoto hulipokea kama mtu anayeelezwa jina la rafiki aliyekwisha kukutana naye. Likitangulia, huwa ni sauti tupu.

Kosa ambalo sisi wenyewe tulilisifu

Sasa inatupasa kukiri jambo. Mwaka mmoja tulikwenda kumsimamia mwanachuo aliyelifundisha somo la mlonge kwa ustadi mkubwa. Zana zilikuwa tayari, makundi yalipangwa vizuri, watoto walisema wenyewe waliyoyaona. Maji yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa yalitakata mbele ya macho yetu, na darasa likapiga makofi. Nasi tuliokuwa nyuma tulipiga makofi. Tuliinamisha vichwa kuandika alama, nazo zilikuwa za juu. Tulipoinua vichwa, mvulana mmoja wa kundi la mbele alikuwa ameinua glasi na amekwisha kunywa nusu yake.

Hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna aliyefikiri kumkataza. Alikuwa amefundishwa kwa dakika themanini kwamba maji yale yalikuwa machafu na sasa ni masafi. Kwa mantiki ya somo lile alikuwa na haki ya kunywa. Katika fomu yetu ya tathmini hapakuwa na neno hata moja juu ya jambo hilo, na hatukuliongeza.

Ndugu wanachuo, maji meupe si lazima yawe maji salama. Tope linaposhuka huchukua sehemu ya vijidudu, lakini haliwachukui wote, na vijidudu vya kuharisha na vya homa ya matumbo havihitaji tope ili kuishi. Maji yaliyotakaswa kwa mlonge au shabu hayana budi kuchemshwa, au kutiwa dawa ya maji, kabla ya kunywewa. Faida ya kuliondoa tope kwanza ni kwamba dawa hufanya kazi vizuri zaidi katika maji maangavu. Tena maji ya mlonge yasiwekwe siku nyingi, kwa kuwa mabaki ya mbegu yenyewe huwa chakula cha vijidudu. Na maji ya glasi ya chumvi yasinywewe kabisa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba andalio la somo hili liwe na hatua ya mwisho isiyorukwa, nayo ni swali hili: "Je, jicho limetuambia nini, na ni nini ambacho jicho haliwezi kutuambia?" Jicho limetuambia kwamba chembe za udongo zimeshuka. Juu ya vijidudu jicho limenyamaza. Mtoto akitoka darasani na tofauti hiyo, amepata sayansi na amepata kinga. Akitoka na glasi inayong'aa peke yake, tumempa sababu mpya ya kuyaamini maji yanayoweza kumlaza kitandani.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba nguvu za molekuli ni mambo ya sekondari. Tunakubali kwamba hesabu zake ni za sekondari, na nyingine ni za chuo kikuu. Lakini kuvuta na kusukuma ni mambo ya mtoto tangu anapocheza uwanjani. Tena katika shule zetu za serikali nchini Tanzania, mtoto huyu anajifunza sayansi kwa Kiswahili sasa. Akifika sekondari ataikuta katika Kiingereza. Akiwa tayari ana picha iliyo wazi kichwani kwa lugha anayoifikiria, lugha ngeni itampa maneno ya picha hiyo. Akiwa hana picha, itampa maneno tu. "Utayasoma sekondari" ni ahadi ambayo mwalimu wa msingi hana uwezo wa kuitimiza, na wako watoto ambao hawataifikia sekondari hiyo.

Wapo watakaosema kwamba darasa lina watoto themanini au mia, na muda hautoshi. Twajua hali hiyo. Tumeketi nyuma ya madarasa hayo. Lakini jaribio hili halimhitaji mwalimu asimame penye kila kundi. Maji yenyewe hufanya kazi wakati darasa linaendelea na hesabu, nayo hukaguliwa mara mbili. Masomo yanayofanyika polepole ndiyo yanayofaa madarasa makubwa.

Wapo pia watakaosema kwamba hakuna maabara. Hao tunawakumbusha habari za Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1862. Wakati wa ujana wake vyuo vikuu vya Ujerumani havikuwapokea wanawake, naye alikaa nyumbani mjini Braunschweig akiwatunza wazazi wake. Akiwa bado kijana wa miaka ishirini hivi alianza kuchunguza jinsi mafuta na sabuni zinavyoubadilisha uso wa maji jikoni. Alitengeneza chombo cha bati chenye maji, akaweka juu yake ukanda wa bati wa kuusukumia uso huo, na akaupima mvuto kwa kifungo cha nguo kilichoning'inizwa katika mizani ndogo. Mwaka 1891 alimwandikia mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh barua ya Kijerumani kumweleza aliyoyaona, naye Rayleigh akaomba ichapishwe katika jarida la Nature, ikachapishwa mwaka huo huo. Chombo kile cha jikoni ndicho asili ya vyombo vinavyotumika hadi leo kupimia nyuso za vimiminika. Hatusemi shule zisipewe maabara. Zipewe, na tuendelee kuzidai. Tunasema kwamba mtoto wa darasa la tano hawezi kungoja.

Tulichobaki nacho

Tumrudie yule msichana wa dawati la nyuma. Mwanachuo angeweza kumjibu nini? Kwa maoni yetu angeweza kusema hivi: "Swali lako ni zuri, nami nimelitumia vibaya neno ngozi. Haijaenda popote, kwa sababu haikuwapo. Kulikuwa na mvuto, na mvuto umepungua. Njoo mbele tutafute pamoja ni kitu gani kilichoupunguza." Jibu hilo lingemgharimu dakika mbili, na fahari kidogo. Tunajua kwamba kilichomzuia mwanachuo yule ni sisi tuliokuwa nyuma na kalamu zetu. Aliogopa kwamba kukiri mbele ya watoto kungempunguzia alama.

Basi na sisi wakufunzi tujirekebishe. Tangu siku ya yule mvulana na glasi yake tumeongeza mistari miwili katika fomu zetu wenyewe. Wa kwanza unauliza kama mtoto yeyote ameuliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia, na mwalimu alilifanyia nini. Wa pili unauliza kama watoto wameondoka wakijua ni lipi ambalo jaribio halikuthibitisha. Mwanachuo atakayesimamiwa nasi muhula ujao aijue mistari hiyo mapema, na aje na glasi ya sukari.